Mshiriki wa Arobaini na Moja

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa bado mpya. Vibao vya ofisi vilinuka rangi, na kila wiki waliingia Babati wageni wenye mafaili kwapani, wakisema wameleta maendeleo. Mmoja wao alikuwa Dokta Leonsi, mtafiti, aliyekuja kupima kama mti mmoja wa porini Simanjiro unashusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari kweli, au ni maneno ya watu tu. Jina la mti sitalitaja. Nawajua ninyi, kesho asubuhi mtakuwa mmeshika sururu.

Dokta alikodi ghala kuukuu kando ya barabara ya Dodoma, kabla hujafika Bonga. Akalipaka chokaa, akapanga mabenchi, akamwajiri Najma kuwa mpimaji wa damu. Najma huyu ni wa hapa hapa Nangara, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kasomea maabara, ana mwandiko wa kupendeza, na ana ubishi wa kutosha kuugawia mtaa mzima. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake mwenyewe, mengine kwa mke wangu, na ya mwisho nimeyaona kwa macho yangu.

Kilichompeleka Najma pale ni mguu wa mama yake. Bi Mosi, aliyekuwa na duka la khanga sokoni, alikuwa anaishi na kisukari mwaka wa tisa, na kidonda kilichomtoka chini ya wayo wa kushoto kilikuwa kimekataa kila dawa. Hospitali hawakumficha. Walimpa wiki sita. Kidonda kisipoanza kufunga, mguu unakatwa chini ya goti. Najma hakuwa na baba, hakuwa na ndugu, alikuwa na mama tu, na mama mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwamba bora kufa kuliko kusukumwa kwenye kigari kama gunia la mahindi. Basi akamwombea nafasi kwenye utafiti. Bi Mosi akawa mshiriki namba kumi na saba kati ya arobaini.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Vidonge vya hospitali hakuna aliyeachishwa. Kila asubuhi saa moja watu arobaini wanakuja na njaa zao, kila mmoja anakunywa kikombe kimoja, robo lita, mpaka penye mstari mwekundu. Jumatatu wanatobolewa kidole. Mpishi wa dawa alikuwa Bibi Namelok, mama mzee wa Kimasai kutoka Simanjiro, aliyeanza kutibu watu kwa mzizi ule kabla Dokta hajazaliwa.

Siku ya kwanza kabisa, Bibi Namelok alichota kikombe cha kwanza kutoka kwenye sufuria akaanza kuelekea mlangoni. Dokta akamuuliza anakipeleka wapi. Akajibu kwamba anakwenda kukimwaga nje. Dokta akakichukua mkononi mwake, kwa upole, mbele ya watu wote.

"Hapa hatumwagi dawa, bibi," akasema. "Hapa tunapima."

Akamweleza kwamba kila tone lina hesabu yake, na kwamba utafiti ukikosa robo lita ni utafiti uliovuja. Bibi akakitazama kikombe, akamtazama Dokta, kisha akarudi kukaa kando ya jiko lake nje. Najma aliliona tukio lile na kusema kweli alilipuuza. Mzee na mila zake, akajisemea, na akaendelea kupanga sindano.

Wiki ya kwanza ikapita, sukari za watu ziko pale pale. Ya pili, pale pale. Ya tatu zikaanza kupanda! Bi Mosi aliingia na kumi na nane, akaenda kumi na tisa, akafika ishirini na moja. Najma alikuwa anaisoma namba ile kwenye mashine mara mbili, anabadilisha betri, anapima tena, inamjibu ile ile. Aliumia moyo kiasi kwamba siku moja aliitupa mashine mezani mpaka wagonjwa wakashtuka. Kinachokasirisha ni kwamba wagonjwa wa zamani wa Bibi Namelok walikuwepo, wazima, wanalima, wanacheza ngoma, na dawa ni hiyo hiyo, ya sufuria hiyo hiyo. Dokta akawageuzia kibao wagonjwa. Akawaambia wanakula ugali kwa siri halafu wanakuja kumharibia kazi. Wazee wa watu wakasimangwa kama watoto wa shule, wakainamisha vichwa.

Mzee mmoja wa Mutuka, Paskasi, ndiye aliyejibu. Alisema yeye hali kitu, ila dawa yenyewe siku hizi haina ukali. Siku ya kwanza ilimkunja uso, sasa ni kama maji yaliyosuuza sufuria. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Dokta akasema hayo ni mazoea ya ulimi.

Najma akaanza kuviangalia vikombe. Alivijaza mwenyewe mpaka penye mstari, arobaini, akavipanga mezani. Aligeuka kuwaita watu kwa namba. Aliporudi, dawa ilikuwa imeshuka chini ya mstari kwa unene wa kidole. Vikombe vyote. Na ukingo wa kila kikombe, mahali pamoja tu, ulikuwa umelowa.

Kesho yake akavifunika kwa visahani. Dawa ikashuka vile vile.

Siku ya tatu, Alhamisi, akaamua hageuki. Alisimama mbele ya meza, mikono ameikunja, jua limeingia vizuri dirishani, wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri. Hakuna aliyekuwa anaongea. Visahani vilikuwa juu ya vikombe. Akakaza macho kwenye kikombe cha kwanza.

Akasikia mtu anameza.

Fundo moja. La koo kavu. La mtu aliyekaa na kiu muda mrefu.

Akatazama mabenchi. Midomo yote imefungwa. Akasikia tena, safari hii kwenye kikombe cha pili. Kisha cha tatu. Sauti ilikuwa inakuja kwa mpangilio, kikombe baada ya kikombe, kuelekea alipokuwa amesimama. Haikuwa na haraka. Ilipofika kikombe cha kumi na saba, cha mama yake, ilikaa pale. Ikameza. Ikameza tena. Najma akanyoosha mkono akafunua kisahani.

Dawa ilikuwa inatikisika kwenye kikombe, na pumzi ya moto ikampiga kwenye vidole.

Alitoka nje. Bibi Namelok alikuwa anachochea kuni. Najma akachuchumaa kando yake, akamwamkia shikamoo kama vile ndiyo kwanza wanaonana siku ile, na bibi akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha bibi akauliza, taratibu, "Umemsikia?"

Najma akatikisa kichwa kukubali.

"Huu ugonjwa ni wa kiu," Bibi Namelok akasema kwa sauti ya chini. "Wanaokufa nao wanakufa wanaomba maji. Hii dawa ikichemka, wanasikia harufu, wanakuja. Kikombe cha kwanza ni chao. Unakimwaga nje ya mlango, unageuka, unaingia. Huangalii. Huulizi ni nani. Usimkaribishe."

Alisema alimwambia Dokta anakwenda kukimwaga, na Dokta akajibu kwamba hapa wanapima. Basi wapime. Wagonjwa wanakunywa makapi, mwenye kiu amekwisha kutangulia.

Sasa msikilizeni Najma, maana hapa ndipo msomi anapopotea njia na sisi tusiosoma tunabaki salama. Angeweza kumwaga kikombe akanyamaza. Lakini Dokta alikuwa anapima sufuria kabla na baada. Robo lita ikikosekana atajua, na wiki ya kwanza alikuwa amemfukuza mfagiaji kwa kumwaga nusu kikombe kwa bahati mbaya. Najma akifukuzwa, namba kumi na saba naye anaondoka, na mguu unakwenda. Kwa hiyo akafikiri kama alivyofundishwa kufikiri. Kikombe kinachotoka lazima kiwe na mtu aliyekinywa. Kila mtu anayekunywa ana fomu.

Akachukua fomu mpya. Juu akaandika 41.

Jina haikuwa shida, kwenye fomu zile majina hayakuandikwa, ni namba tu. Jinsia akaandika mwanamke. Umri, sitini. Kata, Nangara. Chini kulikuwa na mahali pa kuandika nyumba ambayo mshiriki anakaa, ili atembelewe kila mwezi. Anayewatembelea ni Najma mwenyewe. Ili asihangaike kubuni njia na vichochoro, akaandika nyumba yao. Mwisho kabisa palikuwa na maneno yanayosema nimeelezwa, nimeelewa, nimekubali kwa hiari yangu. Akachovya dole gumba lake kwenye wino, akabonyeza kwa niaba.

Asubuhi iliyofuata akachota kikombe cha kwanza, akakimwaga nje ya mlango, akageuka, akaingia. Hakuangalia nyuma. Vikombe vyote arobaini vikakaa kwenye mstari bila kutikisika. Mzee Paskasi alipokunywa, uso ukamkunja mpaka akacheka.

Na sukari zikashuka. Zilishuka Jumatatu ile na Jumatatu iliyofuata. Bi Mosi alitoka ishirini na moja akafika kumi na mbili, akafika saba. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, nyama nyekundu ikajaa katikati, na wiki ya sita hospitali wakafuta jina lake kwenye orodha ya upasuaji. Dokta Leonsi alikuwa anatembea ghalani akipiga mluzi. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu ndilo lililopona.

Nyumbani, Najma alianza kuona ndoo.

Walikuwa na ndoo tatu za maji jikoni, zimefunikwa. Usiku zimejaa, asubuhi zimekauka hata unyevu hamna. Alidhani zinavuja, akanunua nyingine. Akadhani ni jirani, na nasikia aliyetuhumiwa ni mimi. Wakati huo huo mama yake, ambaye kwa miaka tisa alikuwa halali bila jagi la maji kitandani, akaacha kuomba maji. Najma alifurahi. Hiyo ndiyo dalili yenyewe, sukari ikishuka kiu inapungua, kitabu kimesema hivyo. Akaandika hata kwenye fomu ya namba kumi na saba kwamba kiu imeisha.

Zikapita siku mbili ndipo akagundua kwamba mama hanywi kabisa. Wala chai. Wala uji. Midomo ilikuwa imepasuka, na ukimbana ngozi ya mkono inabaki imesimama. Najma akampelekea glasi ya maji, akakaa naye kitandani, mchana, mlango uko wazi.

"Kunywa mama."

"Tumekunywa," Bi Mosi akasema.

"Wewe na nani?"

Bi Mosi akageuza macho polepole kwenye kona ya chumba, penye kiti kitupu, halafu akamtazama tena bintiye. Alinong'ona, "Usimuulize. Ana aibu."

Kwenye glasi mkononi mwa Najma, maji yalikuwa yanashuka.

Akamkimbiza hospitali. Sukari sita. Kidonda kimefunga. Wakamtundikia dripu, na nesi alikuwa bado anabandika plasta mkononi wakati chupa ilipoisha. Wakatundika nyingine. Ikaisha. Wakaangalia mpira kama umetoboka, wakaangalia godoro kama limelowa. Godoro lilikuwa kavu, na mgonjwa alikuwa kavu kuliko godoro. Walihangaika naye kwa moyo wote, siwezi kuwalaumu.

Najma akaenda ghalani mbio. Akaichomoa fomu kwenye faili, akamsomea Bibi Namelok mstari kwa mstari, kwa kuwa bibi hakujua kusoma. Aliposoma pale penye nyumba, bibi akafumba macho.

"Nilikwambia umwagie nje," akasema. "Wewe ukampa pa kukaa. Na ukamwekea mkono kwamba umekubali."

Najma akamwomba amfukuze. Alimwomba kwa magoti, yeye ambaye hapigii mtu magoti. Bibi Namelok akamuuliza jina la huyo aliyemwandika, maana aliyekaribishwa hutolewa kwa jina lake. Najma akasema hana jina, ana namba.

"Namba sijui kuifukuza, mwanangu. Sisi hatuna dawa ya namba."

Akabaki Dokta. Najma akaingia ofisini akakiri kila kitu, kikombe, fomu, wino, na akataka namba arobaini na moja ifutwe mara moja. Nilidhani hapo angalau angefukuzwa kazi, ingekuwa afadhali. Dokta aliisoma fomu, akapekua kurasa za nyuma, akaonekana kutoelewa analalamikia nini. Alimgeuzia faili. Chini ya fomu ya namba arobaini na moja kulikuwa na vipimo vya sukari vya kila Jumatatu, vimeandikwa kwa mwandiko wa Najma, mzuri, uliosimama wima. Thelathini na tatu. Thelathini. Ishirini na sita. Ishirini. Najma hakuwahi kuviandika. Hakuwahi kutoboa kidole hicho.

"Huyu ndiye anayeendelea vizuri kuliko wote," Dokta akasema. "Halafu mshiriki hafutwi, Najma, unajua sheria. Anatoka kwa hiari yake, au kwa kufa."

Najma aliniambia baadaye kwamba pale ndipo hasira ilipomwisha. Si kwamba alitulia. Iliisha tu, hakuwa nayo tena ya kutumia.

Bi Mosi alifariki Jumanne, saa tano asubuhi, na sukari ya mtu mzima mwenye afya.

Walimleta nyumbani kuoshwa. Mke wangu, Mama Hamdani, alikuwa mmoja wa wanawake watatu waliomwosha, na Najma akiwa wa nne. Walimlaza kwenye kitanda cha kuoshea, chumba cha nyuma, wakaanza na upande wa kulia kama inavyopaswa. Mke wangu akamimina kopo la kwanza. Akasubiri yatiririke sakafuni. Hayakutiririka. Akamimina la pili. Walisikia fundo.

Utafanya nini? Maiti lazima aoshwe. Wakamimina ndoo ya kwanza yote, ya pili, ya tatu. Karai lililowekwa chini halikupata hata tone. Mwenzao mmoja alianza kulia kimyakimya na kuomba Mungu. Ndoo ya tano. Ya sita. Sauti ya kumeza ilikuwa inatoka kwa marehemu, midomo yake imefungwa kwa kitambaa.

Ilipofika ya saba, Najma akachukua kopo mkononi mwa mke wangu. Akainama karibu na sikio la mama yake.

"Kunywa mama," akamwambia. "Kunywa yote. Usimpe."

Akamimina yeye mwenyewe, polepole, mpaka ndoo ikaisha. Ndipo maji ya ndoo ya nane yakatiririka kama maji, yakaingia karaini. Wakamaliza kumwosha, wakamvika sanda, wanaume tukaja tukambeba. Mke wangu anasema alipobaki nyuma kufagia aliona kwamba sakafu yote ni kavu isipokuwa mahali pamoja, upande wa ukutani, ambako hakuna mwanamke aliyesimama, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu mno na ukuta. Pale palikuwa na nyayo mbili zimelowa. Vidole vimeelekea kwa marehemu.

Utafiti ulifungwa mwezi uliofuata, Dokta akahamia mkoa mwingine na Bibi Namelok akarudi kwao. Najma bado anaishi nyumba ile. Nyayo zile hazikukauka. Akaweka jiko la mkaa juu yake siku nzima, hazikukauka. Basi akaniita, maana mimi ni fundi ujenzi, kazi yangu ni hiyo miaka ishirini na mbili na simenti yangu haijawahi kulalamikiwa na mtu. Nilibomoa sehemu ile mpaka kwenye udongo. Chini udongo ulikuwa mkavu, vumbi tupu. Nikamwaga zege zito, nikalipiga lipu, nikalisugua likawa kioo, nikaondoka.

Baada ya wiki akaniita tena. Nilikwenda nimekasirika, nimejiandaa kumwambia kwamba anamwaga maji mwenyewe. Nikapiga goti pale kwenye kazi yangu, nikapapasa. Simenti ilikuwa imekauka vizuri, imeshika, haina ufa. Nyayo zimo, zimelowa, kila kidole mahali pake.

Ila zimegeuka. Sasa zinatazama mlango wa chumba anacholala Najma.